Siku Moja ya Mama, Shilingi Nne

Chanzuru,
Kilosa.
20 Septemba, 1970.

Mpendwa Shangazi Elizabeti,

Shikamoo. Mama naye anakusalimu, ila amenikataza kuandika shikamoo yake kwa sababu wewe ni wifi yake na mmecheza pamoja. Anasema tu, "Mwambie Eliza bado nipo." Tunataka kujua goti lako linaendeleaje. Katika barua ya mwezi wa tano ulisema ngazi za bweni unazipanda kwa kushika ukuta, na tangu hapo Mama akiomba jioni hulitaja goti lako kama vile ni mtu. Mzee Stefano je, kikohozi kimemwacha? Na wanafunzi unaowapikia huko Mwanza wameacha kuyalalamikia maharage?

Sisi hapa ni wazima. Mdogo wangu Katarina alipata surua mwezi wa saba, lakini sasa amerudi shuleni na ubishi wake umerudi pia. Jua ni kali, na Mkondoa umekonda mpaka wanawake wanafulia katikati ya mto. Jumapili iliyopita tulikwenda kusafisha kaburi la Baba. Majani yalikuwa yamekauka yenyewe, hatukupata kazi kubwa. Mama alikaa pale muda mfupi kuliko siku zote, nami nikaona afadhali.

Shangazi, barua hii itakuwa ndefu. Unanijua mimi, hata kanisani nafungua mdomo tu huku wenzangu wakiimba. Lakini lipo jambo ninalotaka kukuomba, na halitaeleweka nisipoanza mwanzo.

Kama nilivyokuandikia, sikuchaguliwa kwenda sekondari. Sitaki kulirudia hilo. Siku za shamba la ujamaa nilikuwa nakwenda na Mama kulima, siku nyingine nachota maji na kukaa. Ndipo ilipofika ile mikebe yako mitatu ya kuokea, pamoja na bomba la kupambia maua. Mchungaji aliileta kutoka stesheni akiwa ameifunga nyuma ya baiskeli. Katarina alipoliona bomba alidhani ni la sindano, akakimbilia kwa jirani.

Nilijifunza kama ulivyonielekeza. Oveni hatuna, kwa hiyo natandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, naweka mkebe juu yake, nafunika na kupanga makaa juu ya mfuniko. Keki mbili za kwanza ziliungua chini, tukazila wenyewe kwa chai huku Mama akizisifu. Sukari ya unga haipatikani Kilosa kila mara. Natwanga sukari ya kawaida, nachekecha kwa kipande cha chandarua, nachanganya na ute wa mayai na ndimu. Maua yangu ya mwanzo yalifanana na masikio. Siku hizi yanafanana na maua.

Keki ya kwanza ya kuuza ilikuwa ya kipaimara cha mtoto wa katekista. Mama yake aliniuliza bei. Shangazi, swali lile lilinipata kama nimeulizwa jambo la aibu. Nilihesabu haraka vitu nilivyonunua dukani, yaani unga, sukari na siagi ya kopo, ikawa shilingi sita. Nikasema sita. Alilipa palepale bila kubisha, nami nikafurahi kwamba sikumdhulumu mtu.

Mayai sikuyahesabu kwa sababu yalikuwa ya kuku wa Mama. Maziwa tulipewa na Bibi Siwema jirani yetu, na Mama alimpa mchicha. Mkaa Mama aliuchoma mwenyewe. Unajua kwetu vitu vya nyumbani havina bei, na mtu akivitajia bei huonekana amerukwa na akili. Kazi ndiyo kabisa. Siagi na sukari lazima vikorogwe mpaka viwe vyeupe, na mkono wangu ukichoka Mama hunipokea mwiko na kumalizia. Hayo nayo yalikuwa ya nyumbani.

Maombi yakaanza kuja. Keki ya ubatizo, keki ya mwalimu aliyehamishwa, keki ya mtoto wa karani wa stesheni. Kila mmoja alisifu, na kila mmoja alimwambia mwenzake kwamba kwa binti wa marehemu Tomasi ni rahisi. Nilidhani hiyo ni sifa.

Halafu siku moja tuko kwenye palizi ya shamba la ujamaa, Mzee Simoni, balozi wetu wa nyumba kumi, akaegemea jembe lake na kuniita mbele ya watu.

"Sikuzani! Hiyo faida ya keki unaiweka benki gani? Tuambie, tusije tukawa tunalima na bepari hapa."

Watu wakacheka. Bibi Siwema akasema, "Mwache mtoto, bepari gani hana viatu?" Wakacheka zaidi. Mzee Simoni si mtu mbaya, ni mdomo wake tu. Lakini mimi nililichukua neno lile nikaenda nalo nyumbani. Shuleni tulifundishwa kwamba mtu anayechukua zaidi ya alichotoa ni mnyonyaji, na mimi somo lile nilikuwa nalipenda kuliko yote. Keki iliyofuata niliiuza shilingi tano.

Ndiyo, Shangazi, chini ya vitu nilivyonunua. Ile shilingi moja niliichukua kwenye kikopo cha Mama cha mafuta ya taa. Nilijiambia nitairudisha keki nyingine ikija.

Mwezi wa nane Baba Mdogo Lazaro alikuja kwa baiskeli kutoka Zombo. Alizungumza na Mama kwa upole sana. Alisema mtoto wa kike amemaliza shule, hapa hana kazi, na mkewe huko Zombo ana watoto watano na shamba la mahindi na mimba nyingine. Akasema niende nikakae nao mpaka nitakapoolewa. "Keki ni mchezo, shemeji," alisema. "Mchezo mzuri, lakini ni mchezo." Mama alimwomba asubiri mpaka katikati ya Septemba, ili waone kama keki zinaingiza chochote ndani ya nyumba. Ikiwa hakuna kitu, nitafunga nguo zangu.

Sikulala vizuri baada ya hapo. Zombo si pabaya, na watoto wa Baba Mdogo nawapenda. Lakini Mama angebaki na Katarina peke yake, mwaka mmoja tu tangu Baba aondoke. Na mimi hapa ndipo nimegundua kitu ambacho mikono yangu inakiweza.

Wiki mbili baadaye nilimkuta Mama mtoni anafua kwa majani ya mpapai. Anayasugua kwenye shati la shule la Katarina mpaka vidole vimekuwa vya kijani. Nikamuuliza sabuni iko wapi. Akasema imeisha. Nikamuuliza kwa nini hakununua. Akageuza shati upande wa pili. Ndipo nikafahamu. Sabuni, chumvi na mafuta ya taa vyote vilikuwa vinatoka kwenye mayai aliyokuwa akiwauzia abiria stesheni, na vifaranga aliowalea. Kila yai nililolivunja kwenye bakuli langu lilikuwa limetoka huko. Mama alikuwa ameona, na alikuwa amenyamaza kwa sababu hakutaka niache.

Siku ile nilirudi nikatandika mkeka, nikamwambia Katarina alete maharage na mahindi. Kwa kila shilingi ya dukani niliweka harage moja. Kwa kila shilingi ya nyumbani niliweka punje ya hindi. Kwa mayai nilitumia bei ya stesheni, senti ishirini kwa yai. Kwa mkaa, bei ya gunia sokoni. Nilipofika kwenye kazi nikakwama, maana sikujua kazi ya mtu jikoni ni kiasi gani. Katarina akasema, "Si umuulize kaka yake Fausta, yule kibarua wa mkonge?" Fausta ni rafiki yangu tuliyemaliza naye shule. Nikamuuliza, akasema kaka yake hulipwa shilingi nne kwa siku. Nikaweka punje nne kwa siku yangu. Kisha nikaweka nyingine kwa Mama, kwa muda anaonipokea mwiko. Tulipotazama mkeka, mahindi yalikuwa mengi kuliko maharage. Katarina akasema, "Mbona za nyumbani ndizo nyingi?" Nikamwambia akusanye kabla kuku hawajafika.

Sasa nafika kwa Mama Selestina. Wewe hukuwahi kufika kwenye mazishi ya Baba kwa sababu ya urefu wa safari, kwa hiyo labda hukuelezwa. Mama Selestina ni mjane anayekaa Mikumi. Marehemu mumewe alifanya kazi ya reli pamoja na Baba, na ukoo wao na wetu sisi wa Lumuma ni watani. Siku ya mazishi ni yeye aliyefanya kazi za watani zote. Alivaa koti la Baba kinyumenyume, akaiga Baba anavyopiga chafya, na wakati wa kuteremsha jeneza akaruka akalala kaburini, akasema hatoki. Watu waliokuwa wanalia walicheka. Mama alicheka. Mimi nilimshukuru moyoni, na bado namshukuru.

Jumatano iliyopita alishuka kwenye treni akaja moja kwa moja kwetu. Mwanawe Onesphory, anayefanya kazi hotelini Mikumi, anaoa tarehe kumi Oktoba. Mama alikuwa jikoni anapukuchua maharage, nami nilikuwa barazani.

"Mtumwa wangu!" aliniita kabla hajafika. "Njoo unipokee mzigo. Nyie watu wa Lumuma juzi tu mlikuwa mnakula panya, leo nasikia mnapika keki!"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mimi nataka keki ya ghorofa tatu. Nimeiona Morogoro, ina nguzo katikati na maua mekundu. Utaileta mwenyewe kwa treni, ukiiangusha nakuozesha kwa nyani wa mbugani."

Mama akacheka kule jikoni. Mama Selestina akatoa noti ya shilingi ishirini, akaiweka kwenye mkeka na kuifunika kwa kiganja. "Haya. Mtani hanunui, mtani anachukua. Lakini mimi nina huruma, nakuachia ya unga."

Shangazi, nilikuwa nimeshahesabu keki kubwa kichwani mara nyingi, kwa kuwa nilikuwa naiota. Vitu vya dukani tu ni shilingi thelathini na nane. Nikatazama miguu yangu, nikasema bei.

"Semaje? Panya amelia wapi?"

"Sabini na tano, Mama."

Alicheka sana, akapiga magoti yake. Mimi sikucheka. Akanitazama, na kicheko chake kikaisha kidogo kidogo. Kisha akasema taratibu, bila utani wowote, "Nililala kwenye udongo wa kaburi la baba yako ili nyie mpate kupumua. Leo unaniuzia?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Maneno, "Basi, Mama, chukua kwa ishirini," yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Kilichonizuia si ushujaa. Nilikumbuka tu kwamba nikisema hivyo, Mama ndiye atakayelipa zilizobaki, na hatasema neno. Kwa hiyo nilianza kumtajia kimoja kimoja, kwa sauti ndogo, kwa sababu sikujua njia nyingine. Unga, sukari, siagi, rangi, thelathini na nane. Mayai arobaini, shilingi nane. Mkaa na maziwa na ndimu, tano. Nauli yangu kwenda na kurudi, sita. Kitu kikiharibika, mbili. "Na kazi," nikasema. "Mimi siku tatu, shilingi kumi na mbili. Na Mama, siku moja, shilingi nne."

Jikoni maharage yaliacha kudondoka kwenye ungo.

Mama akatoka, akasimama mlangoni huku amekunja upande wa kanga. Hakunitazama mimi.

"Selestina," alisema. "Siku ile kaburini ulitoka bure?"

"Ninyi mlikuwa mnalia, mimi..."

"Nakuuliza, ulitoka bure? Si tulikupa jogoo?"

"Mlinipa jogoo."

"Ukasema jogoo mdogo. Ukarudi ukalala tena. Jeneza limeshikwa juu na watu wazima sita wanatetemeka mikono, wewe umelala chini unadai kanga."

Mama Selestina akafunika mdomo. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia. "Na alikuwa mdogo kweli, mama Sikuzani! Yule si jogoo, yule ni kifaranga mwenye majivuno!"

"Basi mtani naye ana bei yake," Mama akasema. "Mwanangu ametaja ya kwake."

Halafu Mama Selestina akaniambia, safari hii kwa jina langu, kwamba sabini na tano hana, na hata Onesphory hana. Akauliza ghorofa mbili ni kiasi gani. Nilihesabu pale pale huku akinisubiri, nikasema arobaini na nane. Akauliza na maua mekundu? Nikasema na maua mekundu. Akaongeza noti nyingine juu ya ile ya kwanza, akasema zilizobaki atanipa mkononi keki ikishuka treni. Alipokuwa anaondoka alisema kwa sauti ili njia nzima isikie, "Watumwa wa siku hizi wana bei, jamani, msiwachokoze!"

Jioni tulipokuwa tunasonga ugali Mama aliniuliza kitu kimoja tu. "Hiyo shilingi nne ndiyo wanayopewa wanaume wa mkonge?" Nikasema ndiyo. "Kwa siku nzima?" Ndiyo, Mama. Aligeuza ugali, akaupiga mwiko, akasema, "Mimi nimefanya kazi siku nyingi." Nilishika sufuria isizunguke.

Ijumaa shambani Mzee Simoni aliniuliza tena habari za benki. Sijui nilipata wapi mdomo. Nilisema, "Mzee, mavuno ya hapa si tunagawana kwa siku ambazo kila mtu amefanya kazi? Na mimi nimehesabu siku tu." Alitafuna kijiti chake. Kisha akasema, "Eh! Bubu kasema," na akaendelea kulima. Bado najiuliza kama nimekosea, Shangazi. Ukiniambia nimekosea nitakusikia. Lakini nikilitazama jambo hili kila upande, naona kwamba aliyekuwa ananyonywa katika keki zangu za rahisi ni Mama, na aliyekuwa anamnyonya ni mimi.

Sasa lile ninalokuomba. Jana Baba Mdogo alikuja kuchukua jibu. Alikuwa ameleta kamba ya kufungia mzigo wangu. Mama alimkaribisha vizuri, akampa kiti. Alipouliza, Mama alisema, "Sikuzani ana kazi, shemeji. Kama mkeo anahitaji mtu wa kumsaidia, kibarua cha siku ni shilingi nne."

Nadhani Mama hakukusudia neno lile litoke vile. Lilikuwa bado bichi mdomoni mwake na alitaka kulitumia. Baba Mdogo alimtazama kwa muda mrefu. Akasema, "Hata mimi, shemeji?" Akasimama. Chai ilikuwa imeshamiminwa na hakuinywa. Alipanda baiskeli, na kamba yake ikabaki barazani. Nilikimbia nayo nikampa njiani, akaipokea, kisha akanishika kichwa kama anavyofanya siku zote.

Mama hakwenda kanisani leo. Amesema kichwa kinamuuma.

Nimekaa naandika barua hii na sifurahi kama ilivyonipasa. Nilidhani tatizo langu ni kujua bei. Bei nimeijua, na sasa naona wapo watu ambao ukiwatajia inawakata. Sijui mpaka uko wapi kati ya Mama Selestina, aliyeweza kucheka, na Baba Mdogo, ambaye hakuweza. Labda ni kwa sababu yeye hakuja kununua. Alikuja kuomba ndugu.

Wewe ni dada yake mkubwa, tena anakuogopa. Naomba umwandikie. Usimwambie kwamba Mama amekosea, wala kwamba yeye amekosea. Mwambie kwamba mimi nabaki hapa, hilo halibadiliki, Mama ananihitaji na keki zitatulisha polepole. Lakini mwambie pia kwamba mvua zikinyesha na palizi ya mahindi yake ikianza, nitapanda kwenda Zombo nimsaidie mkewe mpaka wamalize, na siku hizo sitazihesabu. Ningemwambia mwenyewe jana njiani, ila unanijua.

Msalimie sana Mzee Stefano, na wote wanaokula mkononi mwako hapo bwenini. Katarina anasema umletee picha ya ziwa ukija. Bibi Siwema anakusalimu na anauliza kama bado unaimba sauti ya tatu. Mungu aliyekulinda mpaka leo alishike goti lako na aiangalie nyumba yako usiku na mchana, na atupe kukuona kabla hatujasahau sauti yako.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukutegemea,

Sikuzani Tomasi